Wanyama wa Afrika Katika Sakafu ya Sicily

Karibu na mji wa Piazza Armerina, kisiwani Sicily katika nchi ya Italia, iko nyumba ya tajiri wa Kirumi iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 4. Sakafu zake zimepambwa kwa vijiwe vidogo vya rangi nyingi, vilivyopangwa kimoja kimoja katika chokaa mbichi hata vikafanya picha.

Katika ujia mmoja, ambao urefu wake wapita mita 60, mna picha ya mawindo makubwa. Kifaru anakokotwa kwa kamba kutoka kinamasini. Maksai wanavuta gari lenye sanduku la mnyama. Na watu wamekumbatia mbuni wakiwapandisha merikebuni.

Wanyama hao hawakutafutwa kwa chakula. Walipelekwa ng’ambo wakauawe viwanjani, watu wakitazama na kushangilia. Mwanahistoria Cassius Dio aliandika kwamba ulipofunguliwa uwanja wa Colosseum mjini Roma, mwaka 80, waliuawa wanyama 9,000. Tembo waliokuwa wakiishi Afrika ya Kaskazini zamani za Warumi wametoweka kabisa.

Katika karne ya 12 udongo uliporomoka ukaifunika nyumba hiyo, na kwa kuifunika ukaihifadhi. Uchimbaji mkubwa ulifanywa katika miaka ya 1950, na mwaka 1997 UNESCO iliitia katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hivyo picha za vijiwe zimetunzwa vema kuliko walivyotunzwa wanyama wenyewe.