Mcheza Kwao Hutunzwa, Je, Huandikwa?

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutunzwa. Methali hii ina uwanja wake: ngoma imekolea, mchezaji amewaridhisha watazamaji, nao ni jamaa na majirani wanaomjua kwa jina na kwa ukoo. Basi humtuza papo hapo. Hakuna anayedai ushahidi, kwa maana kila anayetuza ameona kwa macho yake mwenyewe. Lakini itakuwaje iwapo mchezaji alicheza peke yake mbele ya mashine, katika mji wa mbali, na anayetakiwa kumtambua ni msomaji wa miaka hamsini ijayo? Hapo suala huacha kuwa la tuzo likawa la maandishi. Ndilo suala linalozuka kila inapoulizwa kama washikilizi wa rekodi za michezo ya video wanastahili kidahizo katika ensaiklopidia, bega kwa bega na wanasayansi, watunzi na viongozi wa mataifa.

Yamkini msomaji atalidharau swali hili tangu mwanzo. Atasema kwamba kubonyeza vitufe ni upuuzi wa vijana, na kwamba upuuzi hauandikwi. Hoja hiyo haina mashiko. Kukimbia kuzunguka uwanja hadi kurudi pale pale ulipoanzia nako hakumlishi mtu, ilhali hakuna Mkenya atakayeshangaa kumkuta Kipchoge Keino katika ensaiklopidia kwa sababu ya medali ya dhahabu aliyoitwaa katika mbio za mita 1500 kule Mexico mwaka 1968. Kinachozitenga mbio hizo na mchezo wa mashine ni mashahidi. Keino alikimbia mbele ya waamuzi, saa na maelfu ya watazamaji. Mchezaji wa mashine alishuhudiwa na nani?

Jibu la swali hilo lilianza kutafutwa nchini Marekani mwaka 1981, wakati Walter Day alipozuru kumbi za michezo ya video zaidi ya 100 akinakili alama za juu alizozikuta. Mnamo Novemba mwaka huo alifungua ukumbi wake mwenyewe, Twin Galaxies, katika mji mdogo wa Ottumwa, jimbo la Iowa. Februari 1982 akaanza kutangaza orodha ya alama bora za nchi nzima. Kabla ya mwaka kwisha, jarida la Life lilikuwa limewapiga picha wachezaji mashuhuri katika barabara ya mji huo, mashine zao zikiwa zimepangwa mbele yao. Mnamo Januari 1984, kijana wa jimbo hilo hilo, Tim McVey, alicheza Nibbler ukumbini humo kwa zaidi ya saa 44 hadi akavuka pointi bilioni moja, na mji ukamtengea siku yake ya heshima. Huyo kwa hakika ni mcheza kwao aliyetunzwa kwao.

Hata hivyo, daftari la mwenye ukumbi ni shahidi mmoja tu, na shahidi mmoja huweza kughafilika. Mathalani, kwa miaka mingi Todd Rogers alitajwa kuwa alimaliza mchezo wa Dragster kwa sekunde 5.51 mwaka 1982. Rekodi hiyo ilinakiliwa na kunakiliwa tena, hata Guinness ikaitambua kama rekodi iliyodumu muda mrefu zaidi katika michezo ya video. Baadaye uchunguzi wa programu yenyewe ulionyesha kwamba muda ulio bora kabisa unaoweza kufikiwa ni sekunde 5.57. Januari 2018 Twin Galaxies ilimwondolea rekodi zake, na Guinness ikafuata. Aliyekuwa amemwandikia kidahizo kwa ajili ya tarakimu ile peke yake alibaki na kidahizo kisicho na msingi.

Kisa cha Billy Mitchell ni kirefu zaidi. Tarehe 3 Julai 1999, katika ukumbi wa Funspot jimboni New Hampshire, alifikisha pointi 3,333,360 katika mchezo wa Pac-Man uliobuniwa na kampuni ya Namco ya Japani mwaka 1980. Hiyo ndiyo alama ya juu kabisa iwezekanayo. Mchezaji hana budi kula kila kitone, kila tunda na kila mzuka unaolika katika hatua 255, bila kupoteza uhai hata mmoja, hadi afike hatua ya 256 ambapo nusu ya skrini huvurugika kwa kasoro ya programu. Mwaka 2007 filamu ya The King of Kong ikaonyesha ushindani wake na Steve Wiebe katika mchezo wa Donkey Kong. Aprili 2018 Twin Galaxies ilifuta alama zake zote, baada ya kuamua kwamba baadhi ya alama za Donkey Kong hazikupatikana kwenye mashine halisi isiyobadilishwa. Guinness nayo ilizifuta, kisha ikazirejesha Juni 2020. Mitchell, ambaye alikana kufanya udanganyifu, aliishtaki Twin Galaxies. Kesi hiyo ilimalizwa kwa maafikiano Januari 2024, na alama zake zikarejeshwa katika hifadhi ya kihistoria ya shirika hilo.

Sasa na tupime. Ikiwa kidahizo ni tuzo, basi mhariri wa ensaiklopidia alipaswa kumpa Mitchell kidahizo mwaka 1999, kumnyang'anya mwaka 2018, kumrudishia nusu mwaka 2020 na kumkamilishia mwaka 2024. Hiyo itakuwa kazi ya refa. Lakini ikiwa kidahizo ni ushahidi, hapana haja ya kufuta chochote. Madai, tuhuma, hukumu na maafikiano yote yataandikwa kwa tarehe zake, na msomaji ataelewa kwa nini watu walijali. Katika hali hii, mzozo wenyewe uliongeza haki ya Mitchell ya kuandikwa, kwa sababu magazeti, filamu na mahakama ziliacha maandishi ambayo yeye hakuyaandika wala hakuyaamuru.

Historia ya ensaiklopidia yenyewe inaunga mkono mtazamo huu. Toleo la kwanza la Encyclopædia Britannica, lililotoka Edinburgh kati ya 1768 na 1771, halikuwa na wasifu wa watu; wasifu uliingizwa katika toleo la pili. Watawala na wanafalsafa walikosa vidahizo, na hakuna aliyedhani kwamba wamevuliwa heshima. Huko Ufaransa nako, Diderot, mwana wa mfua visu, alihakikisha kwamba Encyclopédie, iliyoanza kutoka mwaka 1751, inaeleza kwa maneno na michoro kazi za mafundi ambazo wasomi wengi wa zama zake walizidharau. Kipimo chake kilikuwa maarifa yanayoweza kuelezwa, wala hakuuliza kwanza kama fundi ni mtu mkubwa.

Wikipedia, iliyoanzishwa mwaka 2001, imekiweka kipimo hicho wazi zaidi: mtu huandikiwa makala iwapo vyanzo vya kuaminika, visivyo vyake mwenyewe, vimemjadili kwa kina. Kipimo hiki hakipimi ubora wa mtu, na wakati mwingine huumiza. Mei 2018 rasimu ya makala ya Kiingereza kuhusu mwanafizikia Donna Strickland ilikataliwa kwa kuwa marejeo yaliyotolewa hayakutosha. Tarehe 2 Oktoba mwaka huo huo akatangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobeli ya fizikia. Sayansi yake ilikuwa ile ile mwezi Mei na mwezi Oktoba. Kilichopungua mwezi Mei kilikuwa kalamu za wengine.

Kwa hiyo jibu la swali la awali lina sehemu mbili. Rekodi peke yake haitoshi. Mahali pake ni jedwali, na jedwali hubadilika kila anapotokea mwenye vidole vyepesi zaidi. Anayestahili kidahizo ni yule ambaye rekodi yake iliwafanya watu wasiomjua, wasio na faida naye, waketi na kuandika habari zake. Mitchell amo. Mamia ya wengine ambao majina yao yamo katika orodha za alama, na si kwingineko, hawamo, hata kama walicheza kwa ustadi wa kustaajabisha.

Hapa ndipo suala linapomgusa mwanafunzi wa Kiswahili. Muyaka bin Haji wa Mombasa aliaga dunia mwaka 1840. Tungo zake zilidumu katika kumbukumbu za watu kama Mwalimu Sikujua bin Abdallah, zikakusanywa na mmishonari W. E. Taylor, na diwani iliyohaririwa na William Hichens ikachapishwa mwaka 1940, karne nzima baadaye. Laiti Sikujua angalisahau, au Taylor asingaliuliza, leo Muyaka angekuwa jina tu, au asingekuwa hata jina. Malenga wangapi wa enzi yake walitunzwa kwao, wakashangiliwa kwao, na wakazikwa pamoja na tungo zao?

Kuna wanaoona uchungu kwamba bingwa wa kula vitone kwenye skrini ana makala ndefu ilhali manju wa kijijini hana hata mstari. Uchungu huo ni wa haki, ila umeelekezwa kusiko. Mchezaji wa Pac-Man hakumnyima manju nafasi, kwa kuwa ensaiklopidia ya leo haina uhaba wa kurasa. Uhaba uliopo ni wa vyanzo. Wikipedia ya Kiswahili imekuwapo tangu mwaka 2003, na mhariri wake anayetaka kumwandika mtunzi wa Lamu, Pemba au Tanga hukwama pale pale alipokwama mwandishi wa rasimu ya Strickland: ataje kitabu gani, jarida lipi, tasnifu ya nani?

Walter Day alizunguka kumbi zaidi ya 100 kunakili alama za mashine. Tasnifu moja ya uzamili inayomtaja malenga aliye hai kwa jina lake, mahali pake, tarehe zake na tungo zake humfanyia kazi hiyo hiyo, na kwa uangalifu zaidi. Malenga huyo atatunzwa kwao usiku wa ngoma bila msaada wa chuo kikuu. Kuandikwa kwake kunamsubiri mtu mwenye daftari afike angali hai.