Safari ya Ukambani: Moto na Kazi ya Mikono

Msafiri atokaye Machakos kwenda Kitui hupita Wamunyu kabla ya kuuvuka mto Athi. Wamunyu imo upande wa Machakos, wala si mji mkubwa, lakini yafaa kila apendaye sanaa asimame hapo kwanza, kwa maana habari ya vinyago vya Wakamba yaanzia hapo. Mafundi huketi chini ya miti na katika vibanda vya mabati, kigogo mbele yao na tezo mkononi, na vibanzi vikavu vimetapakaa chini. Nilipovitazama vibanzi vile swali moja lilinijia, nalo likanifuata safari nzima: siku moto ukiingia hapa, fundi atabakiwa na nini?

Swali hili si la mchezo. Wachongaji wengi wa Kikamba hufanyia kazi Nairobi, katika mtaa wa Gikomba, na soko la Gikomba limeungua mara nyingi. Moto wa tarehe 28 Juni 2018 uliua watu wapatao 15.

Wasomaji wengine watakumbuka pia yaliyompata Bwana Elimo Njau. Mchoraji huyu alizaliwa Marangu, chini ya mlima Kilimanjaro, mwaka 1932, akasomea sanaa Makerere. Picha zake za ukutani zimo katika kanisa kuu la Murang'a, nazo zaonyesha maisha ya Kristo katika nchi ya milima na mashamba ambayo mkulima wa huko huitambua mara moja. Mwaka 1965 yeye na rafiki zake walifungua mjini Nairobi nyumba ya sanaa iitwayo Paa ya Paa. Jina lenyewe ni fumbo la Kiswahili: paa, yule mnyama, apaa juu. Baadaye nyumba hiyo ilihamia nje kidogo ya mji, upande wa barabara ya Kiambu. Mwaka 1997 moto uliingia, ukateketeza jumba la maonyesho, na vitabu, na kazi za sanaa zilizokusanywa kwa miaka mingi.

Hasara ya namna hiyo haina fidia kamili. Duka likiungua, mwenyewe aweza kununua bidhaa nyingine kama zile. Bali picha iliyochorwa mara moja haichorwi tena kama ilivyokuwa. Hata hivyo Bwana Njau na mkewe, Bibi Phillda, hawakuondoka. Walibaki katika uwanja ule ule, wakajenga upya kidogo kidogo, na wasanii pamoja na watoto wakaendelea kuja kujifunza. Kwa nini waliweza? Kwa sababu Paa ya Paa haikuwa ghala la picha tu. Ilikuwa mahali pa kufundishana, na waliofundishwa hawakuungua.

Jibu kama hilo limo katika habari ya Wamunyu. Tangu zamani Wakamba walichonga viti na vyombo vya nyumbani, lakini biashara ya vinyago yatajwa kuwa ilianzishwa na Mutisya Munge. Wakati wa Vita Kuu ya kwanza, 1914 hadi 1918, mtu huyu alifika nchi ambayo baadaye iliitwa Tanganyika, akaona kazi ya wachongaji wa huko na kujifunza. Aliporudi kwao hakuuficha ufundi wake. Jamaa walijifunza, kisha majirani, na mwisho kazi ikaenea katika vijiji na kufika hata mijini. Mwaka 1963 wachongaji wa Kikamba walianzisha chama chao cha ushirika huko Mombasa. Kama Mutisya angalifanya kazi peke yake kwa siri, kibanda kimoja kikiungua kingalimaliza habari yote.

Ukisha kuuvuka Athi wapanda uwanda wa Yatta, ambao ni mwamba uliotokana na moto wa volkano uliotiririka zamani sana, mrefu karibu kilometa 290. Toka Kitui mjini barabara yashuka kusini kupitia Mutomo na Ikutha. Nchi ni kavu, na ukuaji wa mti mgumu huchukua umri wa mtu. Hapa niliuona moto wa pili, ule wa tanuri la mkaa, uunguzao karakana kabla haijajengwa. Fundi aliyepoteza kila kitu huanza tena na kigogo kimoja; asipopata kigogo ataanza na nini? Mwaka 2018 Serikali ya Kaunti ya Kitui ilipiga marufuku biashara ya mkaa kwa ajili ya kuinusuru miti. Wachongaji nao, kwa kuwa mpingo na muhugu umeadimika, wengi wamegeukia mwarobaini, mjakaranda na mwembe, miti ambayo mkulima aweza kuipanda mwenyewe.

Barabara hiyo yavuka Athi mara ya pili na kuingia Makueni, penye mibuyu, mashamba ya mkonge ya Kibwezi, na miembe mingi. Pande hizi zote mbili wanawake husuka viondo kwa nyuzi za mkonge. Mama aweza kusuka akienda sokoni, au akingoja zamu yake kisimani. Karakana yake haina paa wala mlango. I katika vidole vyake. Nilipomwona mama mmoja akisuka huku akitembea, nilijua kwamba swali langu la Wamunyu limejibiwa kwa sehemu.

Kwa sehemu tu, maana ufundi hubaki, lakini kazi zilizokwisha fanywa huteketea. Kwa hiyo yatupasa kujihadhari. Vibanzi na vumbi la msasa vifagiliwe kila jioni. Vanishi na mafuta ya taa visiwekwe karibu na jiko wala taa. Majani yakatwe kuzunguka kibanda. Vinyago vilivyokwisha visilale vyote chini ya paa moja. Tena kila kazi ipigwe picha na kuandikwa, na daftari liwekwe nyumba nyingine, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

La mwisho ndilo kubwa. Wazee walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Basi vivyo hivyo fundi aliyeunguliwa huinuka kwa tezo la jirani, kigogo cha jamaa, na mkono wa kijana aliyemfundisha jana. Mwenye ufundi na amfundishe mtu mwingine mwaka huu, kabla moto haujabisha hodi.