Mto Ng'ona Unaingia Mweru

Katika karatasi zangu zote neno mtalii halipo. Nimeandikwa mkimbizi, nimeandikwa mama wa nyumba, nimeandikwa mfanyabiashara mdogo wa samaki. Kwenye fomu ya ruhusa ya kutoka Mantapala, ile sisi wote tunaita geti pasi, kuna mahali pa kujaza sababu ya safari. Watu huandika hospitali, soko, msiba. Mimi, mwezi wa saba mwaka ule, niliandika: kutembea. Kijana aliyekuwa mezani alisoma, akaniangalia, akasoma tena. "Kutembea wapi, mama?" Nikamwambia Mwansabombwe, kuangalia Mutomboko, na nikipata nafasi nipite kwenye maporomoko ya Ntumbachushi. Alicheka, lakini si kwa ubaya, akagonga muhuri wa siku nne.

Nyumbani hawakuelewa upesi. Jirani yangu aliniuliza, "Weye, unaenda mbali hivi juu ya kuangaria mai ya kuanguka? Mai haiko ku pampu?" Tulicheka sote. Lakini swali lake lina maana. Mtu aliyekimbia ameshatembea sana. Tumeona ziwa usiku, tumeona msitu, tumeona barabara ya kutoka Kenani mpaka hapa tukiwa juu ya lori mwaka 2018. Tuliona lakini hatukuangalia. Macho yalikuwa kwa watoto na kwa mizigo. Nilitaka, hata mara moja tu, kwenda mahali bila kitu chochote kunisukuma kwa nyuma.

Kabla ya safari yenyewe, niseme natoka wapi, kwa sababu hapo pia kuna jambo la urithi. Mimi ni mtu wa Kilwa. Nikisema hivyo Nchelenge, wananiuliza, "Kilwa ipi?" Wana haki. Kuna mji wetu wa Kilwa upande wa Kongo, kando ya ziwa. Kuna kisiwa cha Kilwa ndani ya Mweru, ambacho ni cha Zambia. Halafu kuna Kilwa Kisiwani, mbali kabisa, pwani ya Tanzania, yenye magofu ya msikiti mkubwa ambayo UNESCO iliyaweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Watalii wanalipa nauli ya ndege kwenda kuyaona.

Kisiwa chetu hakina orodha. Zamani watu wa biashara kutoka pwani walikifanya kituo chao, na biashara yao ilikuwa pembe za ndovu na watu. Wavuvi wanalala kule leo, wanakausha samaki, watoto wanacheza. Na mji wetu, mnamo Oktoba 2004, waliuawa watu zaidi ya 70 kwa siku chache. Nilikuwa msichana mdogo. Hakuna bango pale, hakuna mtu wa kukata tiketi. Nasema hivi kwa sababu tukisikia neno urithi tunafikiri ni kitu chenye uzio na mlango. Sisi tunajua mahali pengi pasipo na uzio.

Basi, safari. Nilipanda basi dogo Kashikishi asubuhi. Barabara ni ya lami, inafuata bonde la Luapula, na vijiji vimepangana kando yake bila kukatika, mihogo imeanikwa, baiskeli zimebeba makaa. Nilianzia Mbereshi, kwa sababu mimi ni mtu wa kanisa na nilisikia kuna kanisa kubwa la zamani la matofali. Lipo, na ni kubwa kweli. Misheni ile ilianzishwa mwaka 1900 na London Missionary Society, na mwaka 1915 mwanamke mmoja Mwingereza, Mabel Shaw, alianzisha hapo shule ya bweni ya wasichana, wakati ambapo wasichana wa huku hawakufikiriwa shule kabisa. Nilikaa kwenye benchi la nyuma peke yangu. Hakukuwa na ibada, hakukuwa na foleni, hakuna aliyekuwa anagawa kitu. Nilikuwa nimesahau kwamba mtu anaweza kuingia ndani ya jengo kubwa bila kuitwa jina kwenye orodha.

Siku ya pili nilikwenda Ntumbachushi, kwenye barabara ya Kawambwa. Mlangoni kuna bei, na bei haziko sawa: raia ana yake, mgeni ana yake. Nilisimama pale nikihesabu kwacha zangu, nikijua bei ya mgeni siiwezi. Mlinzi alichukua kadi yangu ya ukimbizi, akaigeuza pande zote mbili.

"Unakaa wapi?"

"Mantapala."

"Mantapala ni Nchelenge. Nchelenge ni Luapula. Lipa kama mtu wa Luapula." Akaongeza kwa Kibemba, "Mwaiseni."

Wafanyakazi wa mashirika mnaosoma hapa, najua mlishatuambia karibu mara nyingi, na tunashukuru. Lakini kwenye lango lile ndipo nilipoambiwa kwa mara ya kwanza kwamba mahali ninapokaa panahesabiwa kuwa ni mahali. Nililipa kwacha chache na nikaingia kichwa juu.

Maji yanaanguka karibu mita 30, meupe, na ubaridi unakupata kabla hujayaona. Wenyeji wanapaheshimu sana. Wanasema mizimu inakaa pale, na mtu hapigi kelele ovyo. Nilimwuliza mlinzi jina la mto. Akasema, "Huu ni Ng'ona. Kesho utauona tena kwa Mwata." Sikuelewa alichomaanisha.

Aliniambia pia habari za Lusenga, hifadhi ya wanyama isiyo mbali na Kawambwa. Wanyama wake waliwindwa mpaka wakakaribia kuisha kabisa, halafu serikali ikaleta wengine kutoka sehemu nyingine. Nikauliza waliletwa na nini. "Na malori," akasema. Nikacheka peke yangu. Sisi tuliomba hifadhi, wale nao wako hifadhini, na wote tulifika kwa lori. Kiswahili kimetupa neno moja, sisi na pundamilia.

Mutomboko unafanyika mwishoni mwa mwezi wa saba kila mwaka, Mwansabombwe, kwenye makao ya Mwata Kazembe wa Walunda. Nilifikiri naenda kuangalia ngoma ya wenye nchi. Mzee mmoja niliyekaa naye kivulini ndiye aliyenifungua macho. Walunda wa Kazembe, akasema, walitoka kwenu. Walitoka kwa Mwata Yamvo, ndani ya nchi ambayo leo ni Kongo, wakavuka Lualaba, wakavuka Luapula, wakafika hapa katikati ya karne ya 18. Mutomboko ni sherehe ya ule ushindi wa kuvuka mito. Basi ile sherehe kubwa kuliko zote katika bonde hili ni kumbukumbu ya watu waliotoka Kongo.

Sitaki kudanganya mtu hapa. Wale walikuja na silaha na wakatawala; sisi tulikuja na sufuria na tukaandikishwa. Si sawa. Na lugha yangu pia iliingia bonde hili zamani kwa njia yake. David Livingstone alipofika kwa Mwata Kazembe mnamo Novemba 1867 alimkuta pale mfanyabiashara wa pwani, Muhammad bin Saleh, aliyekuwa ameshakaa miaka mingi. Watu wa namna ile walileta Kiswahili, na walileta minyororo pamoja nacho. Kwa hiyo nikiongea Kiswahili sokoni na mzee akanikazia macho, huwa najua jicho lile linatoka mbali.

Kabla ya kucheza, Mwata huenda kwanza mtoni. Mto wenyewe ni Ng'ona, ule ule nilioupita jana ukianguka. Umati ulikuwa mkubwa, nikasukumwa mpaka nikapata nafasi juu kidogo ya ukingo. Mwata alitupa chakula na kinywaji ndani ya maji. Mzee akanieleza. Baba wa Kazembe wa kwanza, Chinyanta, pamoja na ndugu yake Kasombola, waliuawa kwa kuzamishwa mtoni huko Kongo, kwa sababu ya ugomvi wa mahali pa chumvi. Mtoto wa Chinyanta, Ng'anga Bilonda, ndiye aliyepewa ukuu. Na mpaka leo, mwenye kiti hawezi kusherehekea kuvuka kabla hajawapa chakula wale walioishia majini.

Hapo sikuweza kuendelea kuangalia. Mdogo wa mume wangu alibaki Mweru mwaka 2017. Mtumbwi ulikuwa na watu wengi, upepo ulikuja usiku, na tulipofika ng'ambo tulihesabiana, yeye hakuwepo. Hakupatikana. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Kwenye fomu zetu yuko mahali pa "waliopotea". Mama mkwe hajaweka matanga, kwa sababu anasema matanga ni ya mtu aliyezikwa. Miaka yote hii tunapita kando ya jambo hili ndani ya nyumba kama watu wanaopita kando ya shimo.

Baadaye ngoma zilipigwa, ile mondo inayosema kama mtu, na Mwata akaletwa juu ya machela, amevaa mukonso, akacheza na shoka na upanga mkononi. Alielekeza silaha juu, akaelekeza chini. Mzee akasema maana yake ni kwamba mbingu na ardhi peke yake ndizo zinaweza kumshinda. Kabla ya hapo mtu wa sifa alikuwa anasema majina ya sifa za Mwata kwa sauti ya haraka. Vijana wa Kizambia pembeni yangu waliulizana anasema nini. Hawakujua. Ni maneno ya kale, ya huko walikotoka, yanafanana na Kiluba. Mama yangu mzazi alikuwa Muluba wa Manono. Si maneno yote, lakini nilishika moja hapa, moja pale, nikawaambia wale vijana. Mmoja akaniuliza, "Mama, wewe ni mtu wa hapa?" Nikamjibu kwamba nakaa Luapula.

Nilirudi Mantapala kabla muhuri haujaisha. Usiku, baada ya bukari na sombe, mama mkwe aliniuliza habari. Nilimwambia kanisa, akafurahi. Nilimwambia maporomoko, akatikisa kichwa. Nilipofika kwenye mto na chakula, akanikatiza: "Siye tuko batu ba kanisa." Nikanyamaza. Alichokonoa moto kwa muda mrefu. Halafu akauliza, bila kuniangalia:

"Alitupa bukari ao samaki?"

"Nilikuwa mbali kidogo, mama. Niliona chakula tu, na kinywaji."

"Na ile mai inaenda wapi?"

Nikamwambia nilivyoelezwa. Ng'ona unashuka mpaka Luapula. Luapula unaingia Mweru.

Hakusema kitu kingine. Lakini asubuhi nilimsikia anamwambia mume wangu kwamba tumwite mchungaji, tusome jina la yule kijana, tupike, watu wakae. Matanga, kwa jina lake. Tuliyafanya wiki mbili baadaye, majirani walileta kuni na unga, tukalia vizuri. Watoto wangu waliozaliwa hapa walisikia jina la baba yao mdogo kwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo nina ombi kwa mnaopanga shughuli za mwaka. Tunapewa mafunzo ya sabuni, ya ushonaji, ya kuweka akiba, na yote yanafaa. Pangeni pia lori moja, mara moja kwa mwaka, la kupeleka watoto wa shule Ntumbachushi ama Mbereshi. Watoto hawa wanajua bonde hili kama mahali ambapo wazazi wao walipewa kiwanja. Waonyeshwe kwamba lina mito yenye majina, na kwamba waliofika mbele yetu nao walivuka maji. Wakirudi, walimu wawape karatasi waandike walichoona.

Na kwa ndugu zangu wa Mantapala: mkipata nafasi, ombeni ruhusa mapema, Julai watu ni wengi na nauli inapanda. Bebeni chakula chenu, Mwansabombwe siku hizo kila kitu ni ghali. Bebeni kadi. Na ukikaa karibu na mzee, muulize, atakueleza, wanapenda kuulizwa.

Mama mkwe juzi ameniuliza Mutomboko wa mwaka huu ni lini. Nimemwambia ni wikendi ya mwisho ya mwezi wa saba. Anasema magoti yake hayawezi basi dogo, atakaa mbele kwenye taksi ama hatakwenda. Tumeanza kuweka kwacha kwenye kopo.