Kumaon, Nyumbani kwa Chui Milia wa Sinema

Kama mwenzio ni mpenzi wa filamu za zamani, pengine mmeshakaa kwenye kochi mkaitazama Man-Eater of Kumaon ya 1948, ile ya Sabu. Daktari wa Kimarekani anamjeruhi chui milia, anamwacha porini, na mnyama anageuka mla watu. Inasisimua kweli, ila ni Hollywood tupu. Kitabu cha Jim Corbett cha 1944 kiliazimwa jina tu, hadithi wakajitungia wenyewe.

Kumaon yenyewe iko kaskazini mwa India. Pandeni treni ya usiku Delhi, mshuke Kathgodam, reli inapoishia. Kutoka hapo gari linapanda kona baada ya kona hadi Nainital, mji uliolizunguka ziwa, alikozaliwa Corbett 1875. Kodini mtumbwi, kunyweni chai nzito ya maziwa. Baridi ya jioni itawapa kisingizio cha kukumbatiana.

Lakini msiishie ziwani. Huko Champawat, mwaka 1907, Corbett alimuua chui milia jike aliyehesabiwa kuua watu 436. Wengi walikuwa wanawake waliotoka kutafuta kuni na majani ya mifugo, kazi isiyoweza kungoja hata kama kifo kinazunguka kijijini. Watu walijifungia ndani siku kadhaa, hata haja wakaogopa kutoka. Corbett alipomkagua mnyama alikuta meno yake mawili makubwa ya kulia yamevunjika, moja nusu, jingine mpaka mfupani. Ni jeraha la risasi ya zamani, ndiyo maana akashindwa kuwinda swala. Hapo, ajabu, sinema haikudanganya: aliyeanza ugomvi ni binadamu mwenye bunduki.

Nyumba yake ya Kaladhungi sasa ni makumbusho. Mkitaka mbuga iliyopewa jina lake, epukeni masika: eneo la Dhikala hufungwa kuanzia katikati ya Juni hadi katikati ya Novemba.

Na kama nauli ya Delhi inawatoa jasho, kuna njia ya karibu. Corbett hakuoa; mwaka 1947 yeye na dada yake Maggie waliuza nyumba wakahamia Kenya, wakaishi Paxtu, kijumba kilichojengewa Baden-Powell kwenye hoteli ya Outspan, Nyeri. Alifariki Aprili 1955. Kaburi lake liko kwenye makaburi ya kanisa la St. Peter's, alikozikwa Baden-Powell pia. Kutoka Nairobi, mkiondoka asubuhi, chakula cha mchana mnakula Nyeri.