Mgeni Asiyepewa Jembe

Mzee aliyenifundisha punda amezikwa kwao Kongwa. Alifariki miezi michache baada ya Umoja wa Afrika kuazimia, Februari 2024, kusimamisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Habari hiyo aliisikia redioni, akasema wamechelewa. Mimi nimestaafu, magoti yameanza kulalamika, na katika banda nililofanyia kazi hakuna punda hata mmoja. Mizigo inabebwa na guta na bodaboda. Tuliobaki tunaoijua kazi ile ni wachache, na kila mmoja anadai yake ndiyo sahihi. Nami nadai yangu, tena kwa maandishi.

Nilizaliwa Mgeta, kule ambako shamba la mtu liko juu ya paa la jirani yake. Utoto wangu ulikuwa mzigo: kabichi, viazi na njegere, vyote kichwani hadi barabarani. Mjomba, ambaye kwetu Waluguru ndiye mwenye kauli juu ya ardhi ya ukoo, aliniambia wazi kwamba mashamba hayatutoshi. Nikateremka kwa njia ya Mlali na Sangasanga hadi Mazimbu, ambako wapigania uhuru wa Afrika Kusini walikuwa wanajenga shule yao, SOMAFCO, kwenye lililokuwa shamba la mkonge. Ilipewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu Aprili 1979. Nilianza na zege, kisha nikapelekwa kwenye mabanda ya nguruwe. Huko nilifunzwa kunenepesha: pumba, mashudu, mizani. Nguruwe akiongezeka kilo, kazi imeonekana.

Julai 1992 wageni wale walikabidhi Mazimbu kwa serikali yetu, wakarudi kwao, na majengo yakawa kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Mimi nikapata kazi kwenye shamba la mtu binafsi, ng'ambo ya Mto Ngerengere. Hapo ndipo nilipomkuta Mzee, na hapo ndipo nilipofundishwa kazi iliyo kinyume kabisa na ile ya nguruwe.

Mzee alikuwa Mgogo wa zamani, masikio yametobolewa na kuvutwa, sauti ndogo, hasira nyingi. Aliendesha mkokoteni wa punda wawili uliobeba maji na majani ya ng'ombe. Mwenye shamba aliponunua trekta, aliuza punda mmoja bila kumuuliza mtu. Aliyebaki, jike kongwe tuliyemwita Bibi, alisimama langoni akiangalia barabara, akaacha kula. Mzee akamwendea tajiri, akamwamkia kwa adabu zote, kisha akamwambia: "Bwana mkubwa, huyu anakufa kwa upweke, nawe utaandika njaa." Wiki haikuisha, akaletwa jike mwingine kutoka kwa Wamasai wa upande wa Melela. Mgongo wake ulikuwa na kovu pana la vidonda vya mizigo, na Mzee aliapa hatamwekea tena hata gunia tupu. Kazi yake ilikuwa moja tu, kukaa na Bibi. Tukamwita Mgeni.

Waswahili wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu hakupewa jembe, na shida yetu yote ilianzia hapo.

Punda ni mnyama wa nchi kavu. Asili yake ni upande huu wa Afrika, na utafiti wa jeni uliotangazwa mwaka 2022 unasema binadamu alianza kumfuga hukuhuku zaidi ya miaka 7,000 iliyopita. Mwili wake umezoea majani magumu, machache, yaliyo mbalimbali. Punda wa kwetu mwenye kilo 140 hutosheka na kilo 2 hadi 2 na nusu za majani makavu kwa siku. Ukimpimia kwa kipimo cha ng'ombe unamzidishia karibu mara mbili. Anayevuta mkokoteni huiunguza ziada barabarani. Anayekaa huiweka: kwanza kwenye ukosi, halafu kwenye mbavu, halafu kwenye matako, na mwisho ndani, kwenye ini, ambako jicho halifiki.

Mzee alikuwa na kauli yake: kiangazi ndiye daktari wa punda. Kwao Ugogo mvua ikikatika nchi hukauka kwa miezi, na kila mnyama hupungua taratibu bila mtu kumgusa. Lakini hapa chini ya Uluguru maji yanateremka mlimani mwaka mzima na ukoka wa kando ya Ngerengere haukauki wote. "Kijana wangu," aliniambia, "hapa kiangazi hakiji chenyewe. Mtengenezee."

Tukamtengenezea Mgeni. Chakula kikuu kikawa mabua ya mahindi na majani makavu ya mpunga, yaliyokaguliwa yasiwe na ukungu. Majani mabichi alipewa kwa kiasi, katika kiwanja kidogo tulichokisogeza uzio kila baada ya siku chache. Pumba zilipigwa marufuku, na maganda ya jikoni pia. Mabua hatukuyarundika mahali pamoja. Tuliyatawanya pembe zote za uwanja, ili kila tonge liwe na hatua zake. Chumvi na maji vilikuwapo saa zote. Jioni Bibi na Mgeni walipelekwa mtoni na kurudishwa kwa njia ndefu, pamoja, maana ukiwatenganisha kwa sababu ya lishe umeharibu sababu ya kuwa naye.

Hadi hapo mimi na Mzee tulikuwa kitu kimoja. Tuligombana kwenye kipimo.

Yeye alipima kwa mkono. Kila Ijumaa alifumba macho, akapitisha vidole juu ya mbavu, akabana ukosi, akabonyeza pande mbili za uti wa mgongo. Mbavu ziguswe kirahisi bila kuonekana. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake, na hakuna mtaalamu niliyekutana naye baadaye aliyeipinga. Tumbo hakulitazama kabisa. Alisema tumbo la punda ni shahidi wa uongo: linaweza kujaa majani au minyoo huku mbavu zikitokeza.

Mimi nilinunua futi ya fundi cherehani. Niliizungusha kifuani, nyuma tu ya miguu ya mbele, siku ileile ya mwezi, asubuhi kabla ya kula, mnyama akiwa amesimama sawa, nami nikisubiri atoe pumzi. Namba niliandika kwenye daftari. Hesabu ya kubadili sentimita kuwa kilo niliyoikuta kwenye kijitabu kimoja ilitengenezwa kwa farasi, na punda ana umbo lake, kwa hiyo sikuitumia. Mimi sikuhitaji kilo. Nilihitaji kujua kama mwezi huu umezidi mwezi uliopita.

Hoja yangu ilikuwa hii: mkono unaomgusa mnyama kila siku haukumbuki. Mnyama asiyefanya kazi hanenepi kwa kishindo. Haba na haba hujaza kibaba, na mkono hauhisi haba. Mzee akanijibu kwamba futi nayo ni pofu. Mafuta ya ukosi wa punda yakikaa sana huwa magumu, hayaondoki hata mnyama akikonda. Atakuja mtu kuyaona, aseme bado ni mnene, aendelee kumnyima chakula hadi amwue. Mkono utabaini kwamba mbavu zimeshatokeza. Hoja hiyo sikuwa na jibu lake, na sina hadi leo. Lakini nayo haijibu yangu.

Kisha zikaja mvua za El Niño, mwishoni mwa 1997 kuingia 1998. Vuli haikukatika, ikaungana na masika. Hata kiangazi chetu cha kutengeneza kilishindikana, maana mabua yalioza na majani yalipanda hadi magotini ndani ya uwanja. Watoto wa nyumbani kwa tajiri, waliokuwa likizo, wakawa wanamletea Mgeni mikate na pumba kwa siri. Daftari langu lilionyesha sentimita zinapanda mwezi kwa mwezi. Mzee alikuwa amekwenda Kongwa kwenye msiba, na njia zikakatika nyuma yake.

Shamba lilikuwa limepata msimamizi mpya, kijana msomi, mwepesi wa kuamuru. Jina lake nalihifadhi. Alimwona Mgeni, ukosi umelala upande, akasema dawa ni kumfungia bandani siku 3 kwa maji matupu, kama alivyosoma juu ya mnyama mwingine. Nilimwambia, kwa heshima, kwamba punda mnene hafungishwi. Akaniambia kazi yangu ni kuzoa mavi.

Siku ya pili Mgeni aliinamisha kichwa. Siku ya tatu, alipofunguliwa na kuwekewa majani, aliyanusa, akageuka. Aliitwa daktari wa mifugo, akavuta damu, akasimamisha kichupa dirishani. Damu iliposhuka chini, yale maji ya juu ambayo huwa angavu yalikuwa meupe kama maziwa. Daktari alitueleza palepale: punda mnene akikatiwa chakula ghafla, mwili huyamwaga mafuta yake kwenye damu kwa mkupuo, ini linazidiwa, na akishazidiwa hataki tena kula, kwa hiyo mafuta yanazidi kumwagika. Tulimnywesha uji wa sukari kwa mpira. Hakufika mwisho wa wiki. Alipopasuliwa, ini lilikuwa la njano, linavunjika vidoleni.

Kwenye kitabu cha shamba iliandikwa kwamba alikufa kwa msokoto wa tumbo. Daftari langu lina maelezo mengine, na ninalo bado.

Mzee alirudi siku hiyohiyo ya kifo, miguu ina matope hadi mapajani. Hakugombana na mtu. Alichokataa ni mzoga kuondolewa. Aliamuru uachwe uwanjani na Bibi aachiwe kuufikia. Msimamizi alilalamika juu ya nzi. Bibi alinusa, akasukuma kwa pua, akasimama pale saa nyingi, kisha akaondoka mwenyewe kwenda kunywa maji. "Sasa chukueni," Mzee akasema. Wengi wanaona jambo hili ni ushirikina. Mimi nasema punda asiyeona mwenzake amekufa humtafuta, na anayetafuta hali, na mkongwe asipokula anaingia kwenye maradhi yaleyale yaliyomwua Mgeni. Bibi tulimbembeleza kwa majani ya migomba, akala.

Msimamizi hakukaa sana. Alipata nafasi kubwa zaidi kwingine. Tuliletewa punda wa pili wa kukaa, naye alikuja tayari mnene. Huyu tulimpunguza kwa miezi mingi, kwa mabua na kwa hatua, na kila nilipoona futi imerudi nyuma haraka kuliko nilivyotaka, niliongeza chakula. Naam, niliongeza. Mzee alicheka sana siku ya kwanza aliponiona, kisha akapitisha mkono mbavuni, akanyamaza. Punda yule alimzika Bibi, akaishi miaka mingi baada yake na mwenzake mwingine.

Vijana, nawaambieni, maana naona siku hizi wenye mashamba ya mapumziko wanafuga punda wa kupigwa picha na watoto, punda asiyejua hata kamba. Mnasema mnampenda, kwa hiyo mnampa pumba. Upendo huo unakwenda kwenye ini. Akiota ukosi mnashtuka, mnamfungia. Hofu hiyo nayo inakwenda kwenye ini. Mnyama asiyefanya kazi hajapunguza kazi shambani, ameihamishia kwako. Kilomita asizotembea yeye utazitembea wewe, ukitawanya mabua, ukisogeza uzio, ukimkatalia mtoto wa tajiri usoni pake. Ukimwona anaegemea nyuma, hataki kukanyaga, kwato zina joto, usingoje alie. Punda hulia akimwita mwenzake. Akiumwa huinamisha kichwa tu.

Wanaomdharau wanasema fadhila za punda ni mateke. Katika miaka yangu yote niliyoishi nao, mateke niliyopata yalitoka kwa watu.

Na lile shauri letu na Mzee, mkono au futi, nalitolea hukumu mwenyewe sasa, kwa kuwa hayupo wa kunipinga. Tumia mkono kujua mnyama yuko wapi, na futi kujua anakwenda wapi. Ukilazimika kuchagua, chagua futi, kwa sababu mwenye mkono hufa na mkono wake, lakini namba humsubiri anayefuata. Anayetaka kunipinga aje na daftari lake, lisiwe na mwezi hata mmoja uliorukwa.