Anunuaye picha hununua miaka

Huenda unayo ukutani picha ya mzazi au mwenzi aliyekutangulia mbele ya haki. Hebu itazame leo. Je, uso wake ungali na rangi, ama umeanza kupauka?

Mimi ni mpiga picha hapa Mombasa. Kwa miaka mingi nilitumia printa ndogo ambayo wino wake ni rangi iliyoyeyushwa majini. Picha zake zapendeza zikiwa mpya, na kwa albamu zatosha. Ila ukutani, penye mwanga na hewa yenye unyevu, rangi hiyo haistahimili.

Mwaka jana alinijia mama mmoja mjane. Alitaka picha kubwa ya marehemu mumewe, ili wajukuu ambao hawakumwona wamjue. Nilimweleza wazi kwamba mashine yangu haiwezi kazi hiyo. Akairudisha ile picha ndogo katika bahasha, akaenda zake. Usiku ule usingizi ulinipaa.

Mke wangu alinikumbusha kuwa akiba yetu ya chama ndiyo karo ya watoto. "Baba Asha," akaniuliza, "mashine hiyo itatulisha ama itatula?" Lilikuwa swali la haki. Tulipiga hesabu mwezi mzima, hatimaye tukakubaliana tutoe nusu ya akiba na fedha zilizosalia tukope.

Nilinunua Epson SureColor P900, printa iliyotolewa mwaka wa 2020. Ina rangi 10 za wino wa pigmenti, na hupokea karatasi yenye upana wa inchi 17. Pigmenti haiyeyuki majini. Ni chembechembe ngumu, na mwanga huchukua muda mrefu zaidi kuziharibu. Karatasi nayo ni ya pamba, isiyo na asidi: natumia Photo Rag ya Hahnemühle, kiwanda cha Ujerumani kilichoanzishwa mwaka wa 1584.

Picha ya kwanza ilikuwa ya yule mzee. Mjane aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda mrefu asiseme neno.

Msomaji, si kila mpiga picha anayehitaji mashine kama hii. Wino wa pigmenti ukikaa bila kutumiwa hukauka katika vitundu, na kuvisafisha ni gharama. Deni langu nami bado nalilipa. Lakini wewe mteja, kabla hujatoa fedha zako, uliza: ni wino gani, na karatasi gani? Kisha itundike picha yako ndani ya kioo, mbali na jua. Aliyekwenda zake hapigwi picha ya pili.