Mawe Yaliyokunjwa ya Embu

Wasomaji wetu wa pwani huijua Meru kwa miraa iingiayo Mombasa kwa magari yaendayo mbio, na katika nyumba nyingi jina hilo halitajwi kwa furaha. Safari hii tuliiendea nchi ile, pamoja na jirani yake Embu, kwa ajili ya mawe.

Mjini Embu, baada ya sala ya adhuhuri, tuliiacha barabara ya Meru tukashika ile iteremkayo Siakago, katika nchi ya Mbeere. Nyuma yetu ulibaki udongo mwekundu wenye chai na kahawa. Udongo huo umetokana na Mlima Kenya, volkano iliyotapika lava kiasi cha miaka milioni 3 iliyopita, nayo sasa imezimika. Vilima vya Nyambene, iotako miraa, navyo ni vya volkano. Haukupita mwendo mrefu, udongo ukageuka mchanga, migomba ikatoweka, miti ya miiba ikatawala. Hapo lava imekoma na mwamba wa kale umechomoza: naisi, jiwe lenye mistari meupe na mistari myeusi ya ulanga.

Penye korongo moja tulisimama muda mrefu. Mistari ile haikulala sawasawa. Ilipinda, ikajirudia, ikakunjana mithili ya mkeka uliosukumwa kutoka pande mbili. Mmoja wa watoto aliuliza jiwe hupindaje pasipo kuvunjika. Jibu analo kila mama apikaye kashata: ikiwa moto hupindika, ikipoa hukatika. Mawe haya yalipinda kilomita nyingi chini ya ardhi, katika joto kali na mgandamizo mkubwa, polepole mno, bila kuyeyuka yote.

Nguvu iliyoyasukuma ni ya mabamba ya ganda la dunia, ambayo hayatulii. Kati ya miaka milioni 650 na 550 iliyopita mabara ya kale yaligongana, ikainuka milima kutoka Msumbiji, kupitia Tanzania na Kenya, hadi Ethiopia. Mwanajiolojia Mwingereza Arthur Holmes, aliyeugua malaria huko Msumbiji ujanani mwake, aliupa mstari huo jina la Ukanda wa Msumbiji katika maandishi ya mwaka 1951. Milima yenyewe imekwisha kuliwa na mvua na mito. Tuionayo Mbeere ni mizizi yake. Siku hizi mwendo umegeuka: penye Bonde la Ufa ganda linaachana, milimita chache kwa mwaka, na Embu, Meru na Mombasa ziko pamoja upande wa mashariki.

Wakaao juu ya lava huvuna. Wakaao juu ya naisi, msimu mmoja wa mvua ukikosa, huutazama mtama ukinyauka. Kwa maoni yetu, wagawao chakula cha msaada wangeitazama ramani ya miamba kabla ya ramani ya kata.

Jioni tulifika ukingo wa Tana, ambamo maji ya Rupingazi, Thuci na Kathita huishia. Mto huu huichukua mikunjo ile ikiwa imesagika na kuipeleka Kipini, kwenye bahari yetu. Ila tangu kujengwa mabwawa ya Kindaruma, 1968, na Masinga, 1981, sehemu ya mchanga huo hubaki nyuma ya kuta. Tulichota konzi moja ukingoni. Ndani yake ulanga ulikuwa ukimeremeta.